Vyumba Sita, Warithi Wanne

SWALI: Marehemu baba yetu alituachia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Magomeni, yenye hati miliki. Warithi tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, kwani mama alitangulia. Mwaka 2014 Mahakama ya Mwanzo ilimteua kaka yetu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, na jina lake likaingizwa kwenye hati. Baadaye tuliandikiana karatasi mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwamba kila mwanamume achukue vyumba viwili na kila mwanamke kimoja. Sasa kaka yetu wa pili anataka kuuza vyumba vyake viwili vya mbele, vyenye fremu za maduka. Je, ana haki hiyo? Na karatasi yetu ina nguvu gani?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Dada yangu, kwa mirathi ya Kiislamu hesabu yenu ya mafungu ni sahihi: mwanamume mawili, mwanamke moja, jumla sita. Kwa bahati nyumba nayo ina vyumba sita, na nadhani ulinganifu huo ndio uliowapoteza. Fungu la mrithi ni sehemu ya thamani ya kiwanja chote pamoja na jengo lake. Si chumba fulani. Aliyepewa vyumba viwili vyenye fremu anapokea kodi ambayo mwenye chumba cha nyuma, karibu na choo cha uani, hawezi kuiota, ingawa kwenye karatasi yenu mafungu yanaonekana yametimia.

Kaka yako wa pili hawezi kuuza vyumba hivyo kwa sababu hati haimtambui kabisa, na chumba cha nyumba kama yenu hakina hati yake peke yake. Ipo sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, lakini hiyo hudai ramani ya sehemu iliyosajiliwa, na hutumika zaidi kwa maghorofa. Mnunuzi atakayelipa fedha zake kwa vyumba hivyo atabaki na karatasi ya mauziano na ugomvi na ninyi watatu.

Kaka mkubwa naye asijidanganye. Jina lake limeandikwa kwenye hati kama msimamizi, yaani anashika mali kwa niaba yenu mpaka aigawe, na kazi hiyo haijakamilika tangu mwaka 2014. Anapaswa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, kisha apeleke kwa Msajili wa Hati maombi ya kuwahamishia warithi umiliki, pamoja na hati halisi na nyaraka za mahakama, kodi ya pango la ardhi ikiwa imelipwa. Karatasi yenu ya serikali ya mtaa itafaa hapo kama ushahidi kwamba mlikubaliana. Yenyewe haihamishi umiliki, kwa kuwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hautimii hadi usajiliwe.

Hakikisheni mnasajiliwa kwa kutaja hisa, theluthi moja kwa kila mwanamume na moja ya sita kwa kila mwanamke, ili atakayefariki hisa yake iende kwa warithi wake mwenyewe. Baada ya hapo kaka wa pili anaweza kuuza hisa yake, ila chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 akitaka kumuuzia mtu wa nje lazima apate idhini yenu ya maandishi, nanyi hamruhusiwi kuinyima bila sababu ya msingi. Kwa maoni yangu mleteni mthamini, kisha inunueni ninyi wenyewe hisa ya kaka wa pili, hata kwa kumlipa kidogo kidogo kutokana na kodi za fremu. Kiwanja cha nyumba moja hakikatiki vipande vinne vyenye maana, na mkishindwa kuelewana mahakama inaweza kuamuru nyumba yote iuzwe mgawane fedha.

Kwa sasa, ukisikia kwamba ameshaanza kutafuta mteja, nenda kwa Msajili wa Hati uweke kaveati, yaani zuio la kuhamisha umiliki, ukiwa mrithi mwenye maslahi kwenye nyumba hiyo. Usingoje mpaka apokee malipo ya awali.