Kabla ya kuilaumu setilaiti: kwa wanaoanza kupima mionzi ya jua Tabora na Kigoma

Ukianza kazi ya kulinganisha makadirio ya setilaiti na vipimo vya mionzi ya jua vya ardhini, utashawishika kuamini kwamba kipimo cha ardhini ndicho hakimu na setilaiti ndiyo mshtakiwa. Mimi niliamini hivyo. Agosti ya mwaka wangu wa kwanza hapa Tabora nilikuwa nimekwisha kuandika rasimu ya ripoti isemayo kwamba setilaiti inazidisha mionzi ya kiangazi, mpaka nilipopanda juu ya paa nikakuta kuba ya kioo ya piranomita, yaani kifaa chetu cha kupima mionzi ya jua, imetandwa na vumbi, na upande mmoja ndege ameacha alama yake. Niliifuta kwa kitambaa laini na maji safi, na usomaji ukapanda nikiwa nimesimama palepale. Tangu hapo kila usafi huandikwa daftarini pamoja na saa yake.

Hata hivyo si ziada yote ya setilaiti iliyoondoka na vumbi. Wakati wa kiangazi moshi wa miombo inayochomwa hutanda angani, na kwa kuwa mbinu nyingi za kukadiria mionzi kwa setilaiti hutambua mawingu kwa weupe wake kwenye picha lakini hukisia moshi na vumbi kwa wastani wa mwezi, siku ya moshi mzito huhesabiwa kama siku ya kawaida na makadirio huzidi.

Kilichonipotezea muda mrefu zaidi ni saa. Data za setilaiti huja kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), ilhali mtunza kituo anayeandika saa 3 asubuhi anakusudia 09:00 ya kwetu, ambayo ni 06:00 UTC. Zaidi ya hayo, saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko magharibi mwake, kwa hiyo jua hufika kileleni Tabora karibu saa 6:50 mchana na Kigoma karibu saa 7:00, likitangulia au kuchelewa kwa dakika kadhaa kulingana na majira. Chora vipimo na makadirio ya siku moja isiyo na wingu: vilele vyake viwili visipokutana, tafuta kosa kwenye saa kwanza. Kosa hili ni janja, kwa sababu asubuhi huongeza na jioni hupunguza, au kinyume chake, na katika jumla ya siku halionekani kabisa.

Kigoma kuna tatizo ambalo kitambaa hakiliondoi. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa iliyo juu ya longitudo 0, hututazama kwa mshazari, hivyo wingu la juu huonekana limesogea kilomita kadhaa kuelekea mashariki, na pikseli (nukta ya picha) moja ya ufukweni huweza kuchanganya ziwa na nchi kavu. Mchana mawingu hukua juu ya vilima huku Ziwa Tanganyika likibaki wazi, na piranomita huona sehemu yake ndogo tu ya mchanganyiko huo. Kwa vituo vya ufukweni mimi hulinganisha jumla za siku na wastani wa mwezi. Tofauti za saa moja moja huziripoti kando, bila kuzitumia kuihukumu setilaiti.