Surface haina sizoni ya pili, mkuu. Niliitafuta tangu 2006

Mkuu uliyeanzisha uzi, unasema umemaliza episodi ya 15 ya Surface, ile tamthilia ya stesheni ya NBC ya Marekani kuhusu wanyama wa ajabu wa baharini, jana usiku, wimbi limeufunika mji, wale wanne wamebaki juu ya mnara wa kanisa wanatazama maji, na sasa unazunguka mitandaoni kuitafuta ya 16. Pumzika. Ya 16 haipo. Ulipoishia wewe ndipo walipoishia Wamarekani wenyewe tarehe 6 Februari 2006.

(Kama hujaiangalia na unataka kuiangalia, ruka jibu hili. Humu nataja kila kitu.)

Nakujibu kama mtu aliyeliwa hela yake kwa swali hilihili. Nilikuwa kidato cha pili, Tanga, mwaka ule wa mgao wa umeme. Mnaoukumbuka mnaukumbuka: mchana kiza, jioni kiza, umeme unarudi watu wameshapanda vitandani. Kijana mmoja wa CD pale Ngamiani aliniuzia diski tatu zenye picha ya mwanamke na maji ya buluu kwenye kava. Akaniambia, "Hii ni ya majini ya Kizungu, dogo, utakuja kunishukuru." Tuliiangalia nyumbani kwa rafiki yangu kwa sababu baba yake alikuwa na jenereta ya kuendeshea friji ya duka. Tunawasha deki, friji inazimwa, tunaangalia episodi moja, friji inarudishwa kabla soda hazijapata joto. Episodi kumi na tano tulizimaliza kwa karibu mwezi mzima.

Sasa mjue kwa nini kwetu ile tamthilia haikuwa porojo tu. Mjomba wangu alikuwa mvuvi Kigombe, kijiji cha pwani huku kwetu Tanga, anavua kwa jarife, zile nyavu za papa na taa zinazotegwa chini kabisa. Kama mwaka mmoja au miwili kabla ya hapo, nyavu zikaanza kuleta samaki ambaye mjomba hakuwa na jina lake. Urefu wa mtu, rangi ya buluu iliyokolea yenye mabaka meupe, mapezi yake yamekaa kama vimikono vyenye nyama. Nilimshika mmoja pale mchangani. Gamba gumu, na ukimbonyeza anatoa mafuta mpaka kiganja kinateleza. Hakuna aliyemtaka kwa mboga. Baadaye wakaja wataalamu, ndipo tukalisikia jina silikanti, na kwamba dunia nzima ilidhani ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Ukanda ule leo ni hifadhi ya bahari, tangu 2009, na imepewa jina la samaki huyohuyo.

Kwa hiyo yule mwanasayansi wa kwenye tamthilia, Laura Daughtery, anapozama na chombo chake, anakutana na kitu kisichotakiwa kuwepo, halafu wakubwa wanamnyang'anya ushahidi na kumwambia anyamaze, mimi sikumwona kama mtu wa kutunga. Niliwaza: huyu angekuja Kigombe angesikilizwa.

Siku moja ya Jumamosi mjomba alikuja mjini tukamkalisha naye aangalie ya kwanza. Ilipofika pale Rich, yule muuza bima, anamwona ndugu yake akivutwa kwenda kilindini wakiwa wamezamia, sote tukapiga kelele. Mjomba akasema taratibu tu, "Huyo hatalala tena." Na kweli, tamthilia nzima Rich hakulala. Akaacha kazi, mke, nyumba, akawa wa kukimbiza lile dude. Mjomba hakujua Kiingereza hata kidogo.

Ila aliyempenda zaidi ni yule mtoto, Miles, aliyeokota yai baharini akaliweka kwenye tangi la samaki wa urembo pale kwao, likaanguliwa kinyama akakiita Nimrod, Nim kwa kifupi. Mjomba alikuwa haulizi habari za serikali ya Marekani wala za daktari Cirko, yule mwanasayansi wa serikali. Kila akija mjini swali lake ni moja: "Mjomba, yule mtoto anamlisha nini sasa hivi?"

Hapo ndipo penye ubora wa Surface, kwa maoni yangu. Njama za wakubwa zilikuwa za kawaida, na ilipokuja kufunuliwa kwamba viumbe vile vimetengenezwa maabara na kuna kampuni nyuma yake, mimi binafsi nilipoa kidogo. Kitu kinachotoka kilindini bila maelezo kinatisha. Kitu kilichotoka maabara kina mwenyewe, unajua wa kumlaumu. Lakini mtoto anayeficha mnyama nyumbani, anamdanganya mama yake, mnyama anazidi kukua na nyumba haizidi, hilo lingeweza kwenda misimu mitano.

Sasa, kwa nini waliikata? Kuna watu huko juu kwenye uzi wameandika kwamba ilikatwa kwa sababu ilikuwa mbovu. Hapana. Itazameni Septemba 2005 yenyewe. Mwaka uliotangulia ABC walikuwa wametoka na Lost, ile tamthilia ya siri za kisiwani, na kila mtu akapagawa, basi kila stesheni ikataka siri yake. Ndani ya wiki moja tu zikaanza tatu. Ijumaa tarehe 16 CBS wakaleta Threshold, Jumatatu tarehe 19 NBC wakaleta Surface, Jumatano tarehe 21 ABC wakaleta Invasion. Na zote tatu zinaanzia majini! Threshold ni meli iliyokutana na kitu katikati ya bahari, Invasion ni kimbunga Florida na mataa yanayoingia majini. Huku kimbunga halisi, Katrina, kimeipiga New Orleans wiki tatu tu nyuma. Mtazamaji anayependa mambo hayo ni yuleyule mmoja, umemgawa mara tatu, halafu unashangaa hajatosha. Mpaka inafika Mei 2006 zote tatu zilikuwa marehemu. Threshold ndiyo ilionewa kuliko zote, walirekodi 13 na Marekani zikarushwa 9 tu. Invasion angalau ilimaliza 22 zake.

Na NBC yenyewe ilikuwa na njaa. Friends ilikwisha Mei 2004, na msimu uliofuata stesheni ikaporomoka kutoka ya kwanza hadi ya nne kwa watazamaji wale wanaotafutwa na watangazaji wa biashara. Surface ilikuwa ghali: maji, mabwawa, wanyama wa kompyuta, wanarekodi Wilmington, North Carolina, mbali na Hollywood. Februari wakaisimamisha kupisha Olimpiki ya majira ya baridi ya Turin. Na Desemba walishajaribu mchezo wa kubahatisha hela unaitwa Deal or No Deal. Mtu mmoja mwenye kipara, mabegi 26, watu wanapiga makofi. Haina joka la baharini, haina kompyuta, na watu wakajaa. Olimpiki ilipokwisha, Jumatatu saa 2 usiku, kiti cha Surface kilikaliwa na mabegi. Mimi nikiwa mwenye stesheni yenye njaa, sijui kama ningefanya tofauti, nasema ukweli. Septemba 2006 NBC wakaleta tamthilia ya Heroes siku hiyohiyo ya Jumatatu, na hiyo ndiyo kila banda la CD Tanga lilijaa nayo.

Kuhusu ule mwisho sasa, maana ndio unaokuuma. Wengi wanasema ni mwisho wa kukatwa mkono. Mimi nina neno. Desemba 26, 2004 lile wimbi la Bahari ya Hindi lilifika mpaka huku kwetu. Pwani ya Somalia ilikufa watu wengi, na hata Dar watu walikufa ufukweni. Mjomba alikuwa nchi kavu siku ile, alikuwa akituhadithia jinsi maji yalivyokwenda na kurudi wakati si wake. Kwa hiyo tulipofika episodi ya mwisho, lile wimbi linaingia Wilmington, hakuna aliyepiga kelele. Jenereta tu ndiyo ilikuwa inasikika nje. Halafu inakuja picha ile: mnara wa kanisa, maji kila upande, na wale wanyama wanaogelea pale palipokuwa barabara. Mwaka juzi nimeirudia nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na sijaona wangemalizia vipi vizuri zaidi. Ungeletwa msimu wa pili, wangeshuka kwenye mnara, wangetafuta boti, wangegombana na kampuni. Najua inauma, Miles na Laura ndio kwanza walikuwa wamekutana! Lakini picha imekaa.

Ukitaka kuinunua halali, seti yake ilitoka Agosti 2006 na ina hizohizo 15. Usimwamini anayekuambia kuna "nyongeza". Ukitaka kitu cha kushushia, chukua Invasion kwanza, ina mwendo wa polepole lakini inalipa. Siren ya 2018 hadi 2020 ni ya nguva wakali, misimu mitatu, nayo ilikatwa, kwa hiyo jiandae. Na ukitaka kuona watu wako walikwenda wapi, Rich ni Jay R. Ferguson, yumo kwenye tamthilia ya Mad Men, ana ndevu.

Nimesema niliibiwa hela. Yule kijana wa Ngamiani nilimsumbua miezi: "Sizoni ya pili?" "Wiki ijayo, dogo." "Sizoni ya pili?" "Imekwama bandarini, dogo." Mwishowe siku moja akaniita kwa mbali huku ananyanyua diski. Kava ileile, mwanamke yuleyule, maji yaleyale, ila limeandikwa 2 kubwa kwa kalamu nyekundu. Elfu mbili yangu ya nauli ya wiki. Nikakimbia mpaka kwa rafiki yangu, friji ikazimwa, baba yake mwenyewe akakaa, na mjomba alikuwepo siku ile, akatandikiwa mkeka.

Ilikuwa mieleka. Saa mbili na nusu za mieleka, tena ya zamani. Mjomba aliiangalia yote, na hakuuliza Nim anakula nini. Diski ninayo mpaka leo, mkuu, imekwaruzika lakini bado inasoma. Ukiwa Tanga nitafute nikuazime sizoni ya pili.