Nimefuta sauti za mwanangu, kumbe na ya mama yangu imo

*Assalaam alaykum Shangazi. Niko Wete. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Kila usiku hujifungia chumbani na simu yake na redio ya kaseti aliyoacha marehemu bibi yake, anarikodi vishindo: nazi inavyokunwa, mvua juu ya bati, popo wa Kidike. Akishavichanganya hutoka mvumo mrefu, hamna wimbo hamna maneno. Matokeo ya skuli yaliposhuka nikaichomoa memori kadi nikafuta vyote. Hakulia, hakunijibu. Wiki ya tatu hii, nikimwita hunambia "naam", basi. Juzi mama yake kanambia humo mlikuwa na sauti ya mama yangu mzazi, aliyefariki mwaka jana, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi na kujisemea peke yake. Sijapata usingizi tangu siku hiyo. Lakini mimi ni baba. Nikimwomba radhi mtoto, si nitakuwa nimejivunjia heshima?*

Waalaykum salaam, baba yangu. Pole kwa kufiwa na mama.

Radhi tutaifikia. Hiyo memori kadi iko wapi? Kama imo ndani ya simu, ichomoe sasa hivi, uizongee karatasi, isitiwe kitu. Faili likifutwa, mara nyingi sauti yenyewe bado ipo. Simu imeandika tu kuwa pale pana nafasi, na sauti hubaki mpaka kitu kipya kiwekwe juu yake. Kila picha itakayopigwa, kila klipu ya WhatsApp itakayohifadhiwa humo, inaweza kumkalia mama yako. Ipeleke kwa fundi mwenye kompyuta, mwambie unataka kurejesha mafaili yaliyofutwa, na atakayoyapata ayaweke pengine, si kwenye kadi ile ile. Siwezi kukuahidi. Kama kadi imetumika wiki zote tatu, huenda pasipatikane kitu. Basi pana njia ya pili: watoto hurushiana sauti kwenye simu, na nakala inaweza kuwa kwa rafiki yake.

Lakini usianze kwa kumuuliza hilo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umekosa usingizi kwa ajili ya nazi ya mama yako. Kwa popo na mvua hukusema neno. Ukimwendea leo unatafuta sauti ya bibi tu, atajua kwamba kazi yake bado ni uchafu machoni pako, na kilichokuuma ni kile kimoja kilichokuwa chako. Kumbe vyote vilikuwa vyake.

Unaviita vishindo, na sikulaumu, sikio letu limelelewa na taarabu, udi na ganuni. Hata hivyo nikupe habari ya Cairo. Mwaka 1944 kijana wa Kimisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurikodia kwenye waya, akaingia nayo kwenye ngoma ya zar, ngoma ya pepo kama tunazozijua sisi huku. Alirikodi sauti za kina mama wakiimba. Akarudi nazo studio, akaziongezea mwangwi, mpaka maneno yakapotea ukabaki mvumo. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer akafanya muziki mjini Paris kwa sauti za gari moshi. Leo kazi za watu hao wawili zinafundishwa vyuoni. Mwanao, na simu na redio ya kaseti, anafanya jambo la ukoo huo huo, na sidhani kuna mtu aliyemfundisha.

Ule mkwaruzo wa kanda kuukuu nao usikutie shaka. Vijana huita lo-fai, yaani sauti isiyosafishwa, na huuwacha makusudi, kwa sababu unaonesha sauti imetoka chumba gani na chombo gani. Sisi wakubwa tunaupenda bila kuujua. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri. Zikipigwa leo zinakwaruza kama kaango, na mimi huo mkwaruzo ndio unaonitoa machozi, maana unanambia sauti hii imetoka mbali.

Na jambo moja limenikaa. Mtoto hakai karibu na bibi anayekuna nazi, simu mkononi, bibi asimuulize unafanya nini. Mama yako alijua. Pengine alikuwa anamsemea kusudi. Muulize mwanao, atakuwa na mengi ya kukueleza kuhusu mama yako ambayo wewe huyajui.

Sasa radhi. Mwende mwenyewe chumbani kwake, usimwite ukumbini mbele ya wenzake. Mwambie: "Nimefuta kazi yako bila ya kuisikiliza. Nimekosea, niwie radhi." Uishie hapo. Usiongeze "lakini na wewe skuli", neno hilo litaifuta radhi yote. Heshima yako haiendi popote. Mtoto alishajua umekosea, anasubiri kuona kama na wewe unajua.

Ya skuli yazungumzeni siku nyengine, na mama yake awepo, mpange saa za kusoma na saa za kurikodi. Na umwambie hili pia, nalo ni haki ya watu: akitaka kumpelekea mtu mwengine sauti ya jirani, amuombe jirani ruhusa kwanza.

Ikiwa fundi hakupata kitu, kaa na mwanao usiku mmoja, mbuzi na nazi mbili mbele yako. Ukune wewe. Msimulie mama yako alivyokuwa akijisemea, maneno yale yale, lafudhi ile ile, naye arikodi. Feni ikivuma usiizime mpaka yeye aseme.