Kabla ya kununua DAC ya mfukoni, soma namba za kaske yako

Kaske ya kichwani ndiyo inayochagua ampli, yaani kikuza nguvu ya sauti. Ukiingia duka la elektroniki katikati ya mji wa Lubumbashi ukauliza DAC (kifaa kidogo kinachogeuza muziki wa simu kuwa umeme wa sauti) nzuri ni ipi, bila kusema utaichomekea kaske gani, muuzaji hana njia ya kukujibu kwa haki. Atakuonyesha ile ya bei kubwa, au ile iliyomkalia muda mrefu kwenye kabati. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani tafuta boksi la kaske au ekuteri zako za sikioni, au ukurasa wa kiwanda, uandike namba mbili: impedansi yake (jinsi inavyozuia umeme) kwa omu, na desibeli (ukubwa wa sauti) inazotoa kwa miliwati 1. Ukiwa na hizo mbili mkononi, vifaa vingi vitaondoka mezani vyenyewe.

Kazi ya kifaa ni hii. Muziki ulio ndani ya simu ni tarakimu. DAC inazigeuza tarakimu kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe, na ampli inaupa umeme huo nguvu ya kusukuma kaske. Simu yenye tundu la jeki ya milimita 3.5 ina vyote viwili ndani yake. Simu isiyo na tundu hilo inategemea adapta, na hapo ndipo pesa nyingi zinapotea, maana adapta za USB-C ziko aina mbili na kwa macho zinafanana kabisa. Moja ina chipu ya DAC ndani. Nyingine ni nyaya tupu, inategemea simu yenyewe itoe sauti ya analogi kupitia tundu la USB-C, na simu nyingi hazitoi. Galaxy kuanzia S20 na Pixel zinataka adapta yenye chipu. Njia rahisi ya kuzitenganisha: chomeka adapta kwenye laptopu yenye USB-C. Yenye DAC itatokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Ya nyaya tupu itakaa kimya.

Hesabu ya dakika tano

Lenga desibeli 110 kwa vilele vya muziki, yaani ile ngoma inayopiga ghafla au sauti ya mwimbaji inayopanda mara moja. Hiki si kiwango cha kusikilizia. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80, na saa 4 tu kwa desibeli 90. Lakini ukisikiliza kwa wastani wa 75 hadi 80, vilele vya rekodi ambayo studio haikusawazisha sana sauti zake vinaweza kupita wastani huo kwa 20 na zaidi, na ampli isiyofika huko inakata vichwa vya mawimbi. Ndiyo maana besi inasikika kama imepasuka.

Kanuni ni fupi. Kila desibeli 10 zinadai nguvu mara 10, na kila desibeli 3 zinadai nguvu mara 2. Ukishapata nguvu kwa wati, izidishe kwa omu, kisha toa kipeuo cha pili: hizo ni volti unazohitaji. Gawa volti kwa omu, unapata mkondo.

Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250, kaske inayopendwa sana studio. Inatoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Kufika 110 zinabaki 14, sawa na miliwati 25. Hiyo ni volti 2.5 na miliampea 10. Sasa chukua kaske ya planari (yenye utando bapa badala ya koni) ya omu 32 yenye desibeli 90: zinabaki 20, sawa na miliwati 100, yaani volti 1.8 na miliampea 56. Volti zimepungua, lakini mkondo umekuwa zaidi ya mara tano. Hizi kaske mbili zote zinaitwa "nzito", na bado zinadai vitu tofauti: ya kwanza inataka volti, ya pili inataka mkondo. Ekuteri za kuingiza sikioni za omu 16 zenye desibeli 105 hazidai lolote kati ya hayo. Volti 0.23 zinazitosha, na karibu simu yoyote yenye tundu la jeki inazifikisha. Mwenye ekuteri hizo asinunue ampli kwa ajili ya nguvu. Kama ana dola 60, aziweke kwenye ekuteri bora.

Hapo ndipo tangazo la kifaa linapaswa kusomwa kwa makini. "Volti 2" iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwenye mzigo (kinachochomekwa kwenye ampli) wa omu 600 au bila mzigo kabisa. Adapta nyingi ndogo zinatumia chipu ya Cirrus Logic CS43131, yenye DAC na ampli ndani ya chipu moja. Kwenye mzigo wa omu nyingi inafika volti 2, lakini kwenye omu 32 inatoa karibu miliwati 30, yaani volti 1 tu. Kwa DT 770 ya omu 250 inakaribia lengo. Kwa ile planari ya omu 32 inaishia katikati ya safari. Tafuta nguvu iliyoandikwa pamoja na omu zake. Tangazo lenye miliwati bila omu halijasema kitu.

Namba ya tatu, ambayo wauzaji wengi hawaitaji, ni impedansi ya kutoa ya ampli yenyewe. Iwe chini ya moja ya nane ya ile ya kaske: kwa ekuteri za omu 16, isizidi omu 2. Sababu ni kwamba ekuteri zenye spika ndogo kadhaa ndani hazina omu zilezile kwenye kila sauti. Tuseme ziko omu 5 juu na omu 30 chini. Ukizichomeka kwenye ampli yenye omu 10, sauti za juu zinashuka desibeli 9.5 na za chini 2.5. Tofauti ya desibeli 7! Umenunua ekuteri zenye sauti moja, unasikia nyingine, na utailaumu ekuteri bure.

Ndogo, ya betri, au ya Bluetooth

Kwa watu wengi adapta ndogo inatosha, na ninasema hivyo nikijua kuna raha ya kushika kifaa kizito cha chuma. Adapta ya Apple ya USB-C, inayouzwa dola 9 Marekani, ina impedansi ya kutoa ya karibu omu 1 na inafika volti 1. Kwa kaske ya kawaida ya omu 32 yenye desibeli 100, inayodai volti 0.57, hiyo ni nafasi ya kutosha. Ina mitego miwili. Ya kwanza, toleo la Ulaya, namba A2155, linatoa nusu ya volti za toleo la Marekani, A2049, na bidhaa zinazopita Dubai au mpaka wa Kasumbalesa zinaweza kuwa yoyote kati ya hayo. Soma namba hiyo kabla ya kulipa. Ya pili, simu nyingi za Android haziifungui adapta hiyo hadi mwisho, kwa hiyo sauti inabaki chini hata ukipandisha yote. Programu ya USB Audio Player PRO inaendesha adapta moja kwa moja na kuondoa tatizo hilo, ila kwa muziki unaopigwa ndani ya programu hiyo tu.

Adapta haina betri, inanyonya simu. Kifaa kinachochukua miliampea 100 kwa volti 5 kinakula nusu wati. Betri ya simu ya mAh 5000 ina karibu wati-saa 19, kwa hiyo saa 10 za muziki zinaondoa zaidi ya robo yake. Kwa mtu wa Katuba au Ruashi ambaye umeme wa SNEL unaweza kumkatikia jioni nzima, robo hiyo ni simu za kesho asubuhi. Adapta zenye chipu mbili na njia za mizani (kushoto na kulia zisizoshiriki waya) zinakula zaidi. Uliza miliampea kabla ya kuuliza chipu.

Kifaa chenye betri yake kinaokoa simu na kwa kawaida kina mkondo mwingi wa kusukuma planari. iFi hip-dac, kwa mfano, ina betri ya mAh 2200. Lakini angalia matundu yake: data inaingia kwa USB-A ya kiume iliyozama ndani, na kuchaji kuna USB-C peke yake. Ukipoteza kebo, ya kuchajia simu haitakusaidia. Unahitaji kebo ya OTG (inayoiruhusu simu kuendesha kifaa cha nje) yenye USB-A ya kike upande mmoja. Kebo kama hiyo ukiiona sokoni, nunua mbili.

Vifaa vya Bluetooth kama Qudelix-5K vinaacha simu mfukoni na tundu lake la chaji huru. Kodeki ya LDAC, njia ya kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth, inafika kilobiti 990 kwa sekunde, ila pakiwa na watu wengi na simu zao inajishusha yenyewe ili isikatike. Kilicho bora ndani ya Qudelix ni ikwalaiza yake, kirekebishi cha besi na sauti za juu: inakaa ndani ya kifaa, inafanya kazi na programu yoyote. Kwa kaske yenye besi iliyozidi, ikwalaiza nzuri itakufaa kuliko kubadilisha DAC mara tatu.

Sasa neno kuhusu jeki ya mizani ya milimita 4.4. Inaongeza volti mara 2, na nguvu hadi mara 4 kama mkondo unaruhusu. Ni faida halisi kwa kaske ngumu. Lakini usichomeke kamwe kaske ya kawaida ya 3.5 kwenye tundu la 4.4 kupitia kigeuzi cha bei ndogo. Kaske ya 3.5 imeunganisha waya hasi wa kushoto na wa kulia; kwenye tundu la mizani nyaya hizo ni za ampli mbili tofauti zilizo hai, na ukiziunganisha unaweza kuziua. Kinyume chake, kaske ya 4.4 kwenye tundu la 3.5, hakina madhara.

Kuhusu mafaili, biti 16 kwa 44.1 kHz, kipimo cha CD, kinabeba sauti hadi zaidi ya 22 kHz, juu ya uwezo wa sikio la mtu. Usilipe zaidi kwa sababu boksi limeandikwa 768 kHz. MP3 ya kilobiti 320 inakula MB 144 kwa saa. CD isiyobanwa inakula MB 635. Kwa bei ya mega, amua mwenyewe. Na DAC haisafishi rekodi: gitaa la Jean-Bosco Mwenda, lililorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, litabaki na mvumo wake wa zamani kwenye kifaa chochote. Kifaa kizuri kitakuonyesha tu vidole vyake vizuri zaidi.

Jaribu ukiwa bado dukani

Kurudisha kifaa siku ya pili ni vita, kwa hiyo malizia kazi mbele ya muuzaji. Beba simu yako na kaske yako. Kama simu haioni kifaa, fungua mipangilio utafute OTG. Kwenye simu za OPPO inajizima yenyewe baada ya dakika 10 bila kutumika, na kifaa kizima kinadhaniwa kibovu. Chomeka kwanza, shusha sauti, ndipo uvae: kuna vifaa vinavyoamka vikiwa kwenye kilele, na ekuteri zikiwa sikioni utaumia.

Simamisha muziki usikilize kimya. Ukisikia "shhh" kwenye ekuteri nyepesi kusukumwa, geini (kiwango cha kukuza sauti) iko juu au ampli ina kelele. Ishushe, na kama haipungui, kiache. Pandisha sauti polepole kutoka sifuri. Kwenye vifaa vyenye kitufe cha kuzungusha, upande mmoja unaweza kutangulia mwingine pale chini, na mwenye ekuteri nyepesi ataishi kwenye sehemu hiyo hiyo kila siku. Tikisa jeki kidogo. Mkwaruzo wowote ni tundu lililolegea.

Kisha jaribu simu ikiwa mtandaoni. Ukisikia "di-di-di-drrr", hiyo ni antena ya simu ikizungumza na mnara wa 2G kwa mapigo 217 kwa sekunde, na kebo isiyokingwa inayapokea. Weka simu kwenye hali ya ndege: kelele ikitoweka, tatizo ni kebo fupi iliyolala juu ya antena, badilisha kebo. Mngurumo unaokuja tu laptopu ikiwa kwenye chaji unatoka kwenye prizi isiyo na waya wa ardhi. Chomoa chaja, ukikoma, DAC haina kosa.

Kiangazi, vumbi jekundu linapoingia kila mahali, tundu la jeki litaanza kukatika baada ya miezi michache. Tumia kijiti cha mbao chenye uzi wa pamba na tone la alikoholi ya isopropili, kifaa kikiwa kimezimwa, usitumie sindano. Chenye betri usikiache kimeisha chaji miezi mitatu kwenye droo: kiweke karibu nusu, kikague kila mwezi, na kava likianza kuinuka acha kukichaji siku hiyo hiyo.