Irente nendeni kwa miguu, Mtae mlale

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ukipewa siku moja tu ya kutembea milimani, ungeitumia wapi, na kwa nini?" Najua mtaletewa Kilimanjaro nyingi, na picha za watu waliovaa majaketi ya kukodi. Sina ugomvi nao, ila Kilimanjaro kwa siku moja unaishia Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, unakunywa chai, unageuza. Mimi jibu langu ni Usambara, ile ya Magharibi, wilaya ya Lushoto. Nimezaliwa huko, kwa hiyo msinitegemee haki. Lakini ninayo sababu nyingine: njia za kule hazikuchongwa kwa ajili ya mtalii. Ni njia za watu wanaokwenda shambani, sokoni, shuleni, msikitini na kanisani, na zilikuwapo kabla ya gari. Mgeni anapewa lifti tu.

Siku hizi naishi Tanga mjini na nimeolewa na mtu wa Pangani, ambaye kwake ardhi isiyo na mchanga ni adhabu. Kila Desemba namburuta kupanda kwetu. Tunashuka basi Mombo, joto linatuchoma, tunabanana kwenye Coaster na vifurushi vya watu, halafu zinaanza zile kona. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, barabara imebandikwa ubavuni mwa korongo, na ukikaribia Soni unayaona maporomoko ya maji kutoka dirishani. Hapo ndipo huwa nafungua kioo. Hewa inabadilika kabisa, kama mtu amefungua friji. Mume wangu huwa anavaa sweta pale pale, na hajawahi kulivua mpaka tunaposhuka tena.

Sasa Irente. Kila anayefika Lushoto anapelekwa Irente, na wengi wanapelekwa kwa bodaboda: dakika kumi na tano, picha mbili, kurudi. Huko ni kufika, si kutembea. Kutoka mjini ni kilomita tano au sita, na mtu asiye na haraka anatumia saa moja na nusu. Unapita Yoghoi, katikati ya migomba na vishamba vya maharage vilivyokatwa ngazi ngazi. Yale matuta yana historia yake. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta milimani kote, kwa amri na faini, na wazee wakagoma mpaka mpango wote ukaachwa mwaka 1957. Leo utayaona matuta kila mahali, na mwenye shamba ukimuuliza atakwambia ameyachimba mwenyewe kwa sababu yanafaa. Bibi yangu alikuwa akicheka sana akilisimulia hilo.

Njiani msalimie kila mtu. Kule kupita kimya ni ufidhuli, na mtoto wa miaka mitano anaweza kukukumbusha. Ukiweza kusema "Onga maundo" asubuhi, umeshapata wenyeji. Ukishindwa, "Shikamoo" inatosha, maana Wasambaa wote wanasema Kiswahili, tena cha Tanga.

Kabla ya kufika ukingoni kuna shamba la Irente, ambako wanatengeneza jibini, jemu na mkate mweusi mzito unaoshibisha mpaka jioni. Nunueni, mfunge, mkalie huko mbele. Halafu njia inainuka kidogo, inapita kwenye mikaratusi, na ghafla ardhi inakwisha. Hakuna neno jingine: inakwisha. Chini ya vidole vyako kuna genge la karibu mita elfu moja, na chini yake ndiyo nyika: Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopigwa mistari kama daftari, barabara kuu yenye malori madogo kama siafu, na reli ile ya Tanga. Mwewe wanazunguka, lakini unawaona mgongo, maana wako chini yako. Wasambaa wa zamani dunia yao waliigawa hivyo hivyo: Shambaai ni huku juu kwenye mvua na ndizi, nyika ni kule chini kwenye joto na homa. Ukisimama Irente huhitaji mtu akufafanulie.

Mara ya kwanza nilipomleta mume wangu pale alinyamaza muda mrefu, nikadhani mlima umemshinda. Kisha akasema, "Hii ilikuwa bahari, ikakupwa, ikasahau kujaa." Tangu siku hiyo nilimsamehe mengi.

Nendeni alasiri, saa kumi hivi, jua likiwa linashuka upande wa nyika. Asubuhi mara nyingi kuna ukungu, na ukungu wa Irente ni mzito kiasi kwamba utakaa ukingoni na usione hata genge lenyewe. Watoto wadogo washikeni mkono. Hoteli imejengwa pale pale ukingoni, lakini miamba ni ile ile.

Msitu wa Magamba ni habari tofauti, na nakiri ndio ninaoupenda kuliko Irente, ingawa siupendekezi kwa kila mtu. Ni hifadhi ya mazingira asilia, uko juu ya mji kwa upande wa kaskazini, unalipia kiingilio na kuingia na mwongoza wageni. Huko hakuna mandhari ya kupigia picha. Kuna giza la kijani, harufu ya majani yaliyooza, miti mikubwa ya mikulo iliyobaki baada ya Wajerumani na waliowafuata kukata mingine. Waliitamani mbao hii kiasi cha kufunga waya mrefu kutoka Shume hadi Mkumbara, chini kabisa kwenye reli, magogo yakawa yanateremka yakining'inia hewani. Babu zetu walitazama magogo yakiruka. Sijui waliyaonaje.

Huko ndani utamsikia mbega kabla hujamwona. Sauti yake ni kama mtu anayekokota kabati zito juu ya sakafu ya mbao. Ukitulia, ataonekana juu kabisa, koti jeusi na mabega meupe, mkia kama brashi. Sisi watoto wa kule tukimtaja tunamkumbuka na Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu akaja kutawala Usambara na kuanzisha ukoo wa Wakilindi. Jina lake limekaribiana mno na la huyu wa mtini, kwa hiyo utani hauishi.

Angalieni na vitu vidogo. Kwenye miamba yenye kivuli, karibu na vijito, kunaota kile kiua cha zambarau chenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul alikipeleka kwao, na leo kinauzwa kwenye vyungu, kinapangwa madirishani Ulaya yote. Kwetu kilikuwa kinakanyagwa na mbuzi. Na kuna kinyonga wa pembe mbili. Nilimwona mmoja kwenye kijiti cha usawa wa macho, wa kijani kibichi, mguu mmoja umeinuliwa, anajitikisa mbele na nyuma kama jani linalopigwa na upepo, na upepo wenyewe haukuwapo. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili lilimtazama mume wangu. Nilitaka kucheka, lakini nimelelewa na mama aliyekuwa akikutana na kinyonga njiani anageuza safari, kwa hiyo nilirudi nyuma hatua mbili kimya kimya.

Magamba hiyo hiyo ndiko nilikopata somo la mwongoza wageni. Ilikuwa Julai, baridi kali, tuko watu sita, tumemlipa kijana mmoja fedha yote kabla ya kuanza. Msiwalipe yote kabla ya kuanza. Tulipofika mbali akapigiwa simu, akaongea pembeni, akarudi na kutuambia ana dharura, sisi tufuate njia kubwa tutatokea barabarani. Akaondoka. Hatua mia mbili mbele njia kubwa zikawa mbili. Ukungu ukashuka. Tulichagua ya kulia, tukateleza, mdogo wangu akakaa kitako kwenye tope na suruali nyeupe. Alitutoa mama mmoja mtu mzima aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kuliko yeye. Nilishangaa kuona yeboyebo zake hazipo miguuni. Alikuwa amezitundika kwenye mzigo. "Tope halitaki kiatu, mwanangu, linataka vidole," aliniambia, na akatushusha mteremko wote bila kugusa mti, sisi wenye raba za bei tukishikana mikono kama vipofu. Tulipofika barabarani alikataa fedha, akakubali nusu ya mkate.

Soni sitaieleza sana. Kuna Kwamongo juu yake, mlima wa vipepeo, ni mzuri kwa mtu mwenye asubuhi moja na magoti mazima.

Lakini mmesema siku moja, na siku yangu moja ni ya Mtae. Najua nadanganya kidogo, maana Mtae ni siku moja inayodai usiku mmoja. Iko kilomita 60 hivi kutoka Lushoto, basi linapita Magamba, Malindi, Lukozi penye soko la kabichi na karoti, linakwenda taratibu kwa sababu barabara ni ya vumbi na kila mtu ana gunia la kushusha. Ukifika jioni unalala. Usitafute starehe, tafuta blanketi la pili.

Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima mwembamba, ardhi inateremka kulia na kushoto, na nyumba zimejipanga katikati kama ndege kwenye waya. Amka kabla jua halijatoka. Tembea kuelekea mwisho wa kijiji, kule ukingoni, kwa njia ile ile wanafunzi wanayoipita wakikimbia, kila mmoja na fagio au kidumu cha maji. Chini kabisa kuna tambarare ya Mkomazi, hifadhi ya taifa, bado iko gizani. Ng'ambo yake ni Milima ya Pare. Kukiwa safi, na Januari au Februari huwa safi zaidi, Kilimanjaro hujitokeza kwa mbali, kilele tu, hakina miguu, kama kimewekwa juu ya rafu. Kinakaa robo saa, kisha mawingu yanakifunika. Mimi nimekwenda mara saba, nimekiona mara tatu. Kutoka hapo unaweza kutembea hadi Mambo na kurudi, ukingo mmoja kwa mwingine, asubuhi nzima, bila kupanda sana, na kila kona inakuletea nyika upya.

Naweka Mtae mbele ya Irente kwa sababu hii: Irente nyika unaitazama, Mtae umezungukwa nayo. Na Mtae hakuna anayekuuliza umetoka hoteli gani. Mara ya mwisho bibi mmoja aliyekuwa anapepeta maharage uani aliniuliza natoka ukoo gani, nikamtajia, akafikiri, akanitajia jina la babu yangu na shamba alilouza. Mume wangu alinitazama kama vile nimeshitakiwa.

Kwa wanaotaka kwenda: epukeni Aprili na Mei, masika ya kule hayana huruma na barabara za juu zinakatika. Juni hadi Agosti ni kavu lakini baridi inauma na ukungu unakaa. Chukueni viatu vyenye meno, koti la mvua hata kama mbingu ni buluu, na fedha taslimu za noti ndogo ndogo, maana Mtae mwenye genge la maandazi hana chenji ya elfu kumi. Mabasi ya kurudi kutoka Mtae yanaondoka alfajiri, kwa hiyo siku ya pili ukitaka kuona kilele itabidi ulale tena. Sisi tulilala tena. Mume wangu ndiye aliyependekeza, akasema ni kwa sababu ya mgongo.

Mkishuka, simameni Soni mnunue mapeasi na mafyulisi kwa kapu, msisubiri Mombo. Mombo ni yale yale, bei ndiyo imeshateremka mlima ikaongezeka.