Maswali na majibu: Nimepoa, au nimechoka?

Bwana asifiwe, mchungaji. Nimeokoka miaka 19. Silewi, sisengenyi sana, zaka natoa. Lakini nikipiga magoti nakariri tu, na hata sijali. Nimepoa? (Mama, Maweni)

Bwana asifiwe sana, mama. Hiyo "sisengenyi sana" imenichekesha, lakini tuiache. Lililonishtua ni "hata sijali". Kama umeuguza mtu au umefiwa, pumzika kwanza. Nabii Eliya, chini ya mti wa mretemu, alipewa usingizi na mkate kabla ya kuulizwa lolote (1 Wafalme 19).

Kama mwili ni mzima, soma Waebrania 2:1: "imetupasa kuyaangalia zaidi hayo yaliyosikiwa tusije tukayakosa." Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "tukayakosa" lina picha ya kitu kinachochukuliwa na mkondo. Wavuvi wetu wa Malindi hawahitaji kufafanuliwa. Nanga isiposhika, chombo hakipigi kelele. Unakula, unalala, ukiamka unaona mnara wa Vasco da Gama umesogea, kumbe uliyesogea ni wewe.

Nami yalinipata. Niliweka risiti ya saruji ndani ya kitabu cha Hosea katika Biblia yangu, niendelee kesho yake. Nilikuja kuikuta palepale baada ya miezi sita, wino umefifia, na katika miezi hiyo nilikuwa nahubiri kila Jumapili na watu wananipa mkono mlangoni. Hakuna aliyegundua. Mimi mwenyewe sikugundua.

Basi kwa wiki mbili acha sala ndefu. Mwambie Mungu jambo moja la kweli, kwa maneno usiyoyatumia kanisani, hata kama ni "Baba, sijali." Kisha muulize anayekaa nawe nyumbani, si wa kwaya, kama amekuona umebadilika. Usimkatize akijibu.

Mchungaji, Ufunuo 3 unasema heri baridi kuliko uvuguvugu. Yaani asiyeamini ni bora kuliko mimi ninayejikokota? (Kijana, Barani)

Hapana, mwanangu. Maneno hayo yamo katika barua kwa kanisa la mji wa Laodikia. Jirani na Laodikia kulikuwa na Hierapoli yenye chemchemi za maji moto, na Kolosai iliyojulikana kwa maji baridi. Laodikia yenyewe ilileta maji kwa mifereji, na wafafanuzi wengi wanaona yalifika vuguvugu, na lawama inatoka hapo. Kahawa chungu iwe ya moto, dafu liwe baridi. Vyote viwili vina kazi. Dafu lililoshinda juani je?

Tena barua ile haiwasemi wanaojikokota. Inawasema walioridhika: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Mji ule ulibomolewa na tetemeko mwaka 60 hivi baada ya Kristo, ukajijenga upya kwa mali yake bila msaada wa Roma. Sifa nzuri kwa mji, sumu kwa kanisa. Wewe unayejikokota angalau unajua mguu unauma.

Mimi ni mpishi hotelini. Msimu wa wageni sipati Jumapili hata moja. Mke wangu anasema nimerudi nyuma. (Baba wa watoto wawili)

Zamu si dhambi, ndugu yangu. Mwambie mama watoto asikupime Desemba. Akupime Mei, mvua ikinyesha, hoteli ikiwa tupu na wewe uko nyumbani siku saba.

Kanisa letu limejaa mpaka tunaketi nje, kesha kila mwezi, vyombo vipya. Mbona bado unahubiri kupoa? (Mzee wa kanisa, Kisumu Ndogo)

Kwa heshima, mzee wangu, nitakujibu kwa kisa cha hapa hapa. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, akielekea Goa kule India, alitua Malindi. Aliandika katika barua kwamba mtu mmoja mwenye heshima, Mwislamu wa mji huu, alimuuliza kama Wakristo huenda kanisani kwa wingi na huomba kwa moyo. Kwao, alisema, ibada ilikuwa imepungua sana: kati ya misikiti 17 ni 3 tu iliyokuwa na watu, nao wachache.

Tusimcheke. Leo adhana ya alfajiri inamwamsha jirani yangu kabla sijageuka ubavu wa pili. Ninachompendea mtu yule ni kwamba hakuficha, tena mbele ya mgeni wa dini nyingine. Yeye hakuwa amepoa, aliyepoa haulizi. Ndiyo maana mama wa Maweni hapo juu hanitii hofu kama barua yako, ambayo imehesabu viti na spika na haikumtaja hata mtu mmoja aliyesamehe deni au kurudiana na nduguye. Labda wapo. Niandikie tena unihesabie hao.

Nikisikiliza mahubiri redioni, si inatosha? (Bila jina)

Inatosha kwa mgonjwa. Unaumwa nini?