Jibu: Diski ya kukatia mabati ya asbesto

Umeuliza diski ipi inakata mabati ya asbesto (saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini) haraka, na barakoa za kitambaa zinawatosha vijana wako au la. Mkuu, hakuna diski. Zima grenda.

Hicho unachotaka kukifanya mimi nimekifanya. Paa lilikuwa kuukuu, msimamizi akatuambia, "Hiyo ni saruji tu, wazee wetu wamelala chini yake na hawakufa." Bwana mkubwa aliyasema hayo akiwa nje, upande unakotoka upepo! Tukakata kavu kavu tuwahi mvua. Vumbi likatanda. Halafu mie, kwa kiherehere cha usafi, nikashika fagio nikafagia sakafu nzima, nikamalizia kwa kujipuliza ovaroli na hewa ya kompresa. Ungedhani nalipwa kwa kila unyuzi ninaourudisha hewani.

Ovaroli hiyo nikaenda nayo nyumbani, ikafuliwa pamoja na nguo za watoto. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Wapo wanawake waliopata mesothelioma, saratani ya utando, hasa ule unaofunika mapafu, bila kukanyaga kiwandani, kisa kukung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao. Hilo msimamizi hakulisema, na sidhani kama lilimnyima usingizi.

Bati likiwa zima, nyuzi zimeshikwa na saruji. Grenda ndiyo inayozifungulia. Ni nyembamba mno, huzioni kwa macho, na zinaendelea kuelea saa nyingi baada ya wewe kuona vumbi limetulia. Zikifika mapafuni mwili hauwezi kuziyeyusha. Asbestosisi (mapafu kuota makovu), saratani ya mapafu, mesothelioma: mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, ndiyo maana picha yangu ya eksirei imetoka safi na bado hainipi raha. Sigara nimeacha, maana ikikutana na asbesto hatari ya saratani ya mapafu inapanda vibaya.

Atakuja mjuaji hapa kusema asbesto ile nyeupe, krisotaili, haina neno. IARC, wakala wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa utafiti wa saratani, imeziweka aina zote kundi la 1, yaani zinasababisha saratani kwa binadamu. Mjuaji akalale.

Kitambaa ni pambo. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha P3, kile cha kuzuia vumbi jembamba kabisa, ibane uso, ndevu zinyolewe. Ila hata hiyo usiitegemee kwanza. Cha kwanza vumbi lisizaliwe. Tafuta watu wenye leseni ya kazi hii. Wao huyalowesha mabati, hufungua boliti moja moja, huyashusha mazima na kuyafunga kwenye plastiki nzito, tabaka mbili. Likivunjika moja, watu wote watoke, anayerudi na P3 yake alimwagie maji taratibu na kupangusa kwa tambara bichi. Fagio lifungie stoo, na ufunguo usimpe msimamizi.